Kuchagua mabomba ya maji kwa gari lenye injini nyuma ya viti na rejeta mbele

Injini ikikaa nyuma ya viti na rejeta ikabaki mbele, maji yana safari ya takriban mita 2.5 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi. Toyota MR2, gari la mpangilio huo, zilitoka kiwandani na mabomba ya chuma chini ya gari, na mengine sasa yameliwa na kutu. Anayejiundia bagi (gari jepesi la wazi) Nakuru au Kisumu naye hukutana na swali hilo hilo: maji yapite kwenye nini?

Kabla ya kwenda dukani, pima kipenyo cha ndani cha mdomo wa pampu ya maji na midomo yote miwili ya rejeta. Bomba lisiwe jembamba kuliko mdomo ulio mdogo zaidi. Kwa injini ya lita 1.6 hadi 2, bomba la inchi moja na robo (mm 32 kwa nje) au inchi moja na nusu (mm 38) kwa kawaida hutosha. Kwa unene wa mm 1.5, la kwanza lina nafasi ya mm 29 ndani na hubeba lita 0.66 kwa kila mita. La pili lina mm 35 na hubeba lita 0.96. Ukishuka hadi bomba la inchi moja, ndani hubaki kama mm 22, na kwa mtiririko ule ule upinzani hukaribia kuwa mara nne ya ule wa mm 29. Hapo pampu inachoka bure. Kupita mm 38 nako hakusaidii: unaongeza uzito, na maji yakienda polepole hayasukumi hewa nje.

Sasa malighafi. Mafundi wengi hukimbilia bomba la maji la mabati kwa sababu liko kila duka la vyuma. Liache. Zinki iliyopakwa ndani hugombana na dawa ya rejeta, ikatoa tope linaloziba vijia vyembamba. PPR, bomba la plastiki la kijani la majumbani, hulainika joto na presha vikikutana. PVC ndiyo usiitaje kabisa. Shaba hupindika vizuri, lakini kwenye mfumo mmoja na rejeta ya alumini huharakisha kutu ya alumini. Mpira mtupu wa mita 2.5 hulegea, husuguana na chesisi, na ukiwa upande wa kurudi hunyonywa na pampu hadi kuta zikabanana mwendo ukipanda. Gari likisimama mpira unajirudisha, kwa hiyo fundi haoni kosa lolote.

Vinabaki alumini na stenlesi. Alumini ni nyepesi na inafaa gari la lami, ila mtikisiko wa murram yenye mawimbi huivunja pale klipu inapoibana. Kwa barabara zetu chagua stenlesi ya daraja la 304. Mabomba ya vishikio vya ngazi yanafaa, na urefu mmoja wa mita 6 unatosha njia zote mbili. Sisitiza 304, kwa sababu stenlesi duni ya daraja la 201 huuzwa kwa sura ile ile na sumaku haitakusaidia kuzitofautisha. Chungulia ndani pia: mshono uliochomoza sana urudishe.

Usipinde stenlesi kwa moto. Nunua kona zilizopindwa tayari, uzichomelee kwa TIG (weldi ya umeme inayokingwa na gesi) huku gesi ya argoni ikipita pia ndani ya bomba. Bila hiyo weldi hufanya chenga upande wa ndani, na chenga hizo huishia kwenye rejeta. Kila ncha izungushiwe ukingo wa weldi, kisha ulainishwe kwa tupa. Bila ukingo huo mpira utaruka siku moja mlimani, hata klipu ikazwe vipi. Mpira uingie mm 30, klipu ikae nyuma ya ukingo. Kabla ya kufunga, ziba ncha, jaza hewa ya bar 2 na uzamishe bomba kwenye karai refu la maji utafute povu.

Stenlesi ya mita 2.5 hurefuka kama mm 3 kutoka baridi hadi moto. Kwa hiyo ishikwe kwa klipu zenye mpira kila sm 40, na kila ncha iungwe kwa kipande kifupi cha mpira wa rejeta ulioshonewa nyuzi. Kama njia ni katikati ya gari, funga kizuia joto, la sivyo dereva ataiva. Kama ni chini ya sakafu, weka bamba la alumini la mm 3, maana matuta hayana huruma.

Adui mkubwa ni hewa. Bomba lipande mfululizo kuelekea upande mmoja, lisiwe na nundu katikati. Tangi la kujazia liwe juu kuliko kila kitu, na kamrija ka mm 6 katoke juu ya rejeta hadi kwenye tangi. Unapojaza, egesha gari pua ikielekea chini ikiwa tangi liko nyuma. Mteremko wowote wa upande wa Menengai unafaa. Fungua hita, mimina polepole, kisha washa injini hadi feni izunguke mara mbili. Andika lita ulizomimina. Zikiwa pungufu kwa lita 2 kuliko ujazo uliokokotoa wa injini, rejeta na mabomba, hewa bado imo.

Nakuru maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo kifuniko cha presha cha bar 1.1 kwenye rejeta au tangi si anasa. Kinapandisha kiwango hicho hadi karibu 118. Changanya dawa asilimia 30 hadi 40 na maji yaliyotoneshwa. Ukiambiwa "maji ya betri", soma chupa, usije ukamimina asidi. Maji ya kisima ya Bonde la Ufa yana madini mengi mno. Na themostati isitolewe: kwenye injini ambazo themostati ndiyo hufunga njia ya mkato (inayorudisha maji kwenye injini moja kwa moja), ukiitoa sehemu ya maji hurudi kwenye injini bila kufika rejeta, na gari linachemka zaidi.

Jaribu gari kwenye mlima mrefu: Nakuru hadi Timboroa, au Ahero hadi Kericho. Simama pembeni injini ikinguruma na upime kwa kipimajoto cha miali (infrared), ukilenga mpira, kwa sababu stenlesi inayong'aa hudanganya kipimo. Tofauti kati ya njia ya kwenda na ya kurudi ikiwa nyuzi 6 hadi 10, mtiririko ni mzuri. Ikizidi 20, maji hayaendi: tafuta hewa au mpira uliobanana. Zote zikiwa moto na tofauti ndogo, mabomba hayana kosa. Angalia feni na njia ya upepo mbele ya rejeta.