Mapazia ya kupeleka Kanada: uliza hita iko wapi kabla hujakata kitambaa

Huku Tanga pazia zuri ni lile linalofika chini kabisa, upepo wa kusi ukivuma linajaa linarudi na hakuna anayeogopa kitu, ndo maana ndugu zetu walioko Kanada na Marekani wakiagiza kwa mafundi wa Ngamiani wanataka yaleyale, marefu, mazito, yaburuze kidogo. Jamani kabla mkasi haujagusa kitambaa mpigie simu mwenye oda umuulize, chini ya dirisha kuna hita, yani kile kifaa cha kupasha chumba joto?

Wengine watakwambia hakuna na kumbe ipo. Hamna moto wala waya mwekundu unaouona, ni boksi la bati refu, jembamba, limebanwa ukutani karibu na sakafu, mtu akihamia miezi ya joto anadhani ni urembo wa ukuta tu. Kwa hiyo usiridhike na neno lake, akupigie picha kuanzia juu ya dirisha mpaka sakafuni. Kule wanaiweka chini ya dirisha makusudi, hewa iliyopoa kwenye kioo inashuka, hita inaidaka pale chini inaipasha inapanda tena, sasa bahati mbaya hapohapo ndo pazia letu linapotua.

Zipo zinazopitisha maji ya moto na zipo za umeme. Za umeme ndo za kuogopa zaidi. Pazia likizifunika joto linakosa pa kutokea, kitambaa cha pamba kinababuka na kinaweza kushika moto, poliesta inayeyuka. Nyingi zina swichi ya kujizima joto likizidi ila usimuache ndugu yako aitegemee hiyo, swichi inasikia joto la ndani ya hita, haijui kitambaa kilichoigusa kimefikia wapi. Na zinaendeshwa na thamostati, yani baridi ikiingia inawaka yenyewe, watu wamelala au wako kazini.

Vipimo sasa. Usipime mpaka sakafuni. Pima kutoka kwenye fimbo mpaka juu ya hita halafu toa inchi 6, ambazo ni kama sentimita 15, hapo ndo pindo liishie, na kama maelezo ya hita yenyewe yanataka nafasi kubwa zaidi fuata hayo. Najua mtalalamika pazia fupi halina heshima sebuleni. Kama hita ni fupi kuliko ukuta basi marefu yakae pembeni, nje ya hita, yafungwe kwa kamba yasivutwe katikati, na dirishani uweke pazia la kukunja linaloishia ndani ya fremu. Hita ikichukua ukuta mzima, shona fupi, hapo mimi sibembelezi.

Fimbo nayo watu wanaidharau. Kuta nyingi za kule ni jipsam iliyopigiliwa kwenye mbao, skrubu ikiingia jipsam tupu inang'oka siku mtoto akining'inia, na fimbo ikianguka kitambaa chote kinalala juu ya hita. Aitafute mbao iko wapi ndo atoboe, au atumie plagi za skrubu za kuhimili uzito huo. Makochi na vitanda pia visibanwe kwenye hita, na nguo mbichi zisianikwe juu yake, hilo halina mjadala.

Halafu mafundi wenzangu, hapa tuwe makini sana. Vitambaa vizito vilivyofumwa kwa kulegea vinarefuka vikining'inia, pazia lililotoka hapa na nafasi nzuri likikaa huko miezi kadhaa linaweza kushuka bila mtu kugundua. Kitambaa cha namna hiyo kitundike usiku mzima ndo ukate pindo asubuhi, na umwambie mwenyewe kila baridi inapokaribia, kabla hajaiwasha hita, afagie vumbi lililojaa humo akiwa amezima umeme, achukue futi apime tena ile nafasi, ikipungua apandishe pindo.