Solo ya Jazi ya Papo Hapo: Anza na Bluzi ya Vipimo 12

Anayeanza jazi mara nyingi hupewa orodha ndefu ya ngazi za noti, akaambiwa azipande na kuzishuka. Vidole vinapata mbio, lakini solo, yaani sehemu anayoibuni mpigaji mmoja papo hapo, haitoki. Kinachomfikia msikilizaji ni mdundo, pamoja na noti inayogeuka pale kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inapogeuka. Anza na hivyo viwili. Mahali pake ni bluzi ya vipimo 12 katika ufunguo wa F, kila kipimo mapigo manne na kodi moja:

1–4: F7 | B♭7 | F7 | F7
5–8: B♭7 | B♭7 | F7 | F7
9–12: Gm7 | C7 | F7 | C7

Alama ya ♭ hushusha noti kwa nusu toni, hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za piano, na ♯ huipandisha kwa kiasi hichohicho. Noti zote zilizotajwa humu ni za piano, gitaa na besi. Mwenye tarumbeta au saksafoni ya tenori atapiga katika G, na mwenye saksafoni ya alto katika D, ili wote wasikike katika F.

Kabla ya kushika ala, imba noti ya chini ya kila kodi, ile inayoipa jina, huku ukihesabu kwa vidole: moja-mbili-tatu-nne, mbili-mbili-tatu-nne, tatu-mbili-tatu-nne, mpaka kumi na mbili. Namba inayofungua kila kipimo inakuambia uko wapi. Kwa mwendo wa mapigo 96 kwa dakika, mzunguko mmoja wa vipimo vyote 12 huchukua sekunde 30 kamili, kwa hiyo dakika tano ni mizunguko kumi. Usiende mbele mpaka uweze kusikiliza besi na dramu peke yake na kutaja kipimo cha 5 na cha 9 vinapoingia. Ukipotea katikati ya solo, hizo ndizo alama za kukurudisha: B♭7 inayokaa vipimo viwili, na Gm7 inayofungua mstari wa mwisho.

Sasa mdundo. Swingi ya mwendo wa kati huipata ukiligawa pigo katika sehemu tatu sawa: noti ya kwanza ichukue mbili, ya pili ichukue moja. Usiuzidishe mrukoruko huo, maana kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo noti hizo mbili zinavyokaribia kulingana. Weka metronomu, kifaa kinachotoa mlio wa mapigo sawa, kwenye 48 na uhesabu kila mlio kuwa pigo la 2 na la 4. Mwanzoni mlio utajigeuza kichwani kuwa 1 na 3. Ikitokea, acha kupiga, gonga mguu kwenye 1 na 3, piga makofi kwenye mlio, kisha uanze upya. Zoezi hili linachosha, lakini solo nyingi za wanaoanza zinaharibikia hapa kuliko kwenye noti.

Piga mizunguko minne kwa noti moja tu, F. Ndiyo, moja. Utalazimika kutafuta uhai kwenye urefu wa noti, nguvu yake na mahali inapoingia. Halafu ongeza A♭ na B♭, ubaki na tatu. Si mazoezi ya kitoto: wimbo wa “C Jam Blues” wa Duke Ellington una noti mbili tu, G na C, na bado wanamuziki wakubwa wanaupiga. Shika sharti hili: piga vipimo viwili, nyamaza viwili. Mzunguko wa kwanza ingia kwenye pigo la 1, wa pili ingia baada ya pigo la 1, wa tatu ingia kwenye 4 ya kipimo kilichotangulia. Anayeingia kila mara kwenye 1 husikika kama anasoma orodha.

Kisha fuata mpango wa waimbaji wa bluzi: sema jambo katika vipimo 1–4, lirudie katika 5–8 kwa mabadiliko madogo, lijibu katika 9–12. Aliyepiga sebene ana mtaji hapa, kwani kule pia kifungu kifupi hurudiwa, kikageuzwa kidogo, kikarudiwa tena. Imba kila kifungu kabla ya kukipiga. Mpuliza ala hulazimishwa na pumzi kukata sentensi. Mpiga gitaa au piano hana kinachomzuia, ndiyo maana hutiririka bila nukta. Dawa yake ni kutoa pumzi taratibu wakati wa kupiga, na pumzi ikiisha, mkono usimame.

Mdundo ukishatulia, ingia kwenye kodi. Kila kodi ina noti mbili zinazoitambulisha, ya tatu na ya saba ukihesabu kutoka noti yake ya chini. Kwa F7 ni A na E♭, kwa B♭7 ni D na A♭, kwa Gm7 ni B♭ na F, kwa C7 ni E na B♭. Zifuatanishe uone jinsi zinavyotembea hatua fupi:

Njia ya juu: A, A♭, A, A | A♭, A♭, A, A | B♭, B♭, A, B♭
Njia ya chini: E♭, D, E♭, E♭ | D, D, E♭, E♭ | F, E, E♭, E

Piga njia moja, noti moja ndefu kwa kila kipimo, mpaka sikio liitarajie kabla kidole hakijafika. Halafu, kwenye pigo la 4, weka noti iliyo nusu toni chini ya ile unayoiendea: G♯ ikielekea A, A ikielekea B♭. Hatimaye jaza katikati kwa zile noti tatu za mwanzo, lakini pigo la 1 libaki na noti ya njia. A♭ juu ya F7 inagongana na A ya kodi, na huo ndio mguno wa bluzi. Iteleze kwenda A badala ya kuikwepa. Kinachoumiza sikio ni kuganda kwenye A wakati wenzako wamehamia B♭7.

Jaribu hivi: rekodi kwa simu mizunguko miwili bila msindikizo wowote. Ukisikiliza na kutambua kipimo cha 5 bila kuhesabu, solo yako imebeba kodi. Usipokitambua, rudi kwenye noti ndefu.

Wakati huohuo jifunze solo ya mtu mwingine kwa sikio. “Freddie Freeloader” ya Miles Davis, iliyorekodiwa mwaka 1959, ni bluzi ya B♭ yenye mwendo wa wastani. Anayetangulia kwa solo ni Wynton Kelly kwenye piano. Miles anafuata kwa tarumbeta, na noti zake ni chache zenye nafasi. Tambua kwamba vipimo vya 11 na 12 vina A♭7. Chukua vipimo vinne vya Miles, vipunguze kasi hadi asilimia 75 kwa programu ya simu, viimbe bila kukosea, ndipo utafute noti kwenye ala. Usiandike chochote mpaka uweze kuvipiga pamoja na rekodi, pumzi na uzito wa kila noti vikiwemo, kwani karatasi haishiki hayo. Kisha kihamishie kifungu kimoja kwenye F na ukitumie katika bluzi yako.

Ukialikwa kupiga na wenzako, kubaliana kwanza ufunguo na mwendo. Piga mizunguko miwili, umalize kifungu ndani ya kipimo cha 11 au 12, kisha mtazame anayefuata. Mtu akigusa kichwa chake, anaashiria kurudi kwenye wimbo wenyewe. Wakisema mbadilishane nne-nne na mpiga dramu, wewe unapiga vipimo vinne naye vinne. Anapopiga yeye, endelea kuhesabu kwa mguu, kwa kuwa kodi zinazunguka hata kama hakuna anayezipiga.