Kunyamazisha jeni ya mmea kwa virusi vya TRV, hatua kwa hatua

Kunyamazisha jeni ni kuharibu nakala zake za RNA ili isifanye kazi. Nimeandika mwongozo huu baada ya kukaa na mwanafunzi wa uzamili ambaye mimea yake ilikuwa imepauka sawasawa, dalili kwamba jeni imenyamaza, ilhali kipimo cha RNA kilidai jeni aliyoinyamazisha imepanda maradufu. Chanzo kiko hatua ya 5, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kwanza elewa kinachotokea ndani ya jani. Virusi vya TRV (Tobacco rattle virus) vikijinakili, hutokea RNA ya nyuzi mbili. Mmea huitambua kuwa ni ya adui, na vimeng'enya vya DCL4 na DCL2 huikatakata kuwa vipande vya nyukleotidi 21 na 22. Protini ya AGO1 hubeba uzi mmoja wa kipande, kama askari aliyekabidhiwa picha ya mtuhumiwa, na RNA yoyote inayolingana nao huikata. Kimeng'enya cha RDR6 hutengeneza nyuzi mbili nyingine, kazi inaendelea, na ishara husafiri hadi majani ambayo hayakuwa yameota ulipoingiza virusi. Sisi tunapachika kipande cha jeni ya mmea wenyewe ndani ya virusi. Mmea unapovisaka virusi, unaangamiza na RNA yake. DNA haiguswi.

Hatua ya 1: Kuchagua kipande. Chukua nyukleotidi 300 hadi 500. Ukizidisha urefu, virusi hukitema kipande vinapoendelea kujinakili. Epuka sehemu zinazofanana na jeni nyingine, kwa sababu mfuatano wa nyukleotidi 21 tu unaolingana unatosha kunyamazisha jeni usiyoikusudia. Tumia zana ya VIGS (kifupi cha Kiingereza cha mbinu hii ya kunyamazisha jeni kwa virusi) iliyoko kwenye tovuti ya Sol Genomics Network. Usikisie kwa macho. Kumbuka pia kwamba *Nicotiana benthamiana*, jamaa wa tumbaku anayetumika sana maabara, ina jenomu iliyotokana na spishi mbili, hivyo jeni nyingi ziko nakala mbili, na kipande chako kizipate zote.

Hatua ya 2: Plasmidi. Virusi vimegawanywa kwenye plasmidi mbili (duara ndogo za DNA), pTRV1 na pTRV2. Kipande kinaingia pTRV2. pTRV1 unaiacha ilivyo. Kila moja iwe kwenye *Agrobacterium* yake, bakteria anayeingiza DNA ndani ya mmea, aina ya GV3101.

Hatua ya 3: Bakteria. Otesha usiku kucha kwa nyuzi joto 28, zungusha kwenye sentrifyuji, koroga bakteria waliotuama chini kwenye bafa ya MgCl₂ 10 mM, MES 10 mM (pH 5.6) na asetosiringoni 200 µM. Fikisha OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ya 1, acha mezani saa 3, kisha changanya pTRV1 na pTRV2 sawa kwa sawa.

Hatua ya 4: Kuingiza kwenye jani. Mche uwe na majani manne hivi. Chukua bomba la mililita 1 bila sindano, lijaze mchanganyiko huo, libane upande wa chini wa jani, kidole kikiwa upande wa juu, na usukume polepole. Utaona doa la kijani kilichokolea lililolowa likitambaa kati ya vishipa. Likifika ukingoni, inatosha. Baada ya hapo weka mimea kwenye nyuzi joto 20 hadi 22. Kwa wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa, chumba cha kawaida hakifai, na nyanya ndiyo haivumilii kabisa.

Weka daima mimea ya PDS, yaani iliyonyamazishwa PDS, jeni ya kutengeneza karotenoidi (rangi zinazoilinda klorofili), ili uone kama mbinu imefanya kazi. Jeni hiyo ikinyamaza, karotenoidi hukosekana, mwanga unaharibu klorofili, na majani mapya yanakuwa meupe baada ya siku 10 hadi 14. Kwa mimea ya ulinganisho sipendi pTRV2 tupu, maana virusi visivyobeba kitu hudhoofisha mmea kuliko vinavyobeba. Pachika kipande cha GFP (jeni ya protini inayong'aa kijani), jeni ambayo mmea hauna.

Hatua ya 5: Kupima. Virusi vilivyojaa kwenye jani vimebeba kipande kilekile cha jeni yako. Primeri zako (vipande vifupi vya DNA vinavyoweka mipaka ya sehemu inayopimwa) zikikaa ndani ya kipande hicho, unachopima ni virusi, na namba itapanda badala ya kushuka. Angalau primeri moja lazima iwe nje ya kipande. Amua hili siku unapochagua kipande, la sivyo utajikuta jeni fupi haina nafasi iliyobaki.

Kutumia oligo-dT, primeri inayoshika mkia wa A ulio mwishoni mwa RNA za mmea, unapogeuza RNA kuwa DNA kunasaidia, kwa kuwa RNA ya TRV haina mkia wa A, lakini hakukuokoi: oligo-dT hushika pia penye A nyingi katikati ya RNA. Safisha RNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA. Jeni ya rejea, ile unayolinganishia kipimo, isiyumbe mmea unapougua; kwa benthamiana naanza na PP2A na L23.

Kisha suala la jani. Unyamazishaji huja kwa mabaka, na jeni nyingi hazibadilishi rangi. Chukua jani la kimo kilekile ambacho mimea ya PDS imekuwa myeupe, siku hiyohiyo, na upime kila mmea peke yake. Kuchanganya mimea kwenye kichupa kimoja kunaficha ule ambao haukunyamaza.

Hatua ya 6: Ukitaka unyamazishaji wa kudumu. TRV haifai, tengeneza mmea unaozalisha RNA ya nyuzi mbili wenyewe. Ndivyo ulivyo muhogo 4046 wa VIRCA, mradi wa muhogo unaostahimili virusi, unaokata RNA ya virusi vya michirizi kahawia, na ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 2021.

Hatua ya 7: Mabaki. Mimea na udongo vipite kwenye otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke), nyuzi joto 121, kabla ya kutupwa. TRV huambukiza viazi mviringo, na minyoo wadogo wa udongoni huisambaza.