Mtoto yuko Form Two? Fanya haya kabla hajachagua mchepuo

Wazazi wengi huja kuniona mtoto akiwa tayari Form Four, mwezi wa tisa au wa kumi. Mama anauliza binti yake afanyeje ili aingie uuguzi. Nafungua kumbukumbu zake, nakuta Fizikia na Kemia aliziacha tangu alipoingia Form Three, kwa sababu rafiki zake waliziacha. Hapo huwa sina la maana la kumwambia mama huyo, na inaniuma.

Mimi ni mwalimu wa ushauri na unasihi katika sekondari ya kata upande wa Temeke, Dar es Salaam. Hatua hizi ni kwa mzazi au mlezi ambaye mtoto wake yuko Form Two sasa, kabla hajachagua mchepuo, yaani kundi la masomo atakayoendelea nayo Form Three, kama sayansi, sanaa au biashara. Hata kama wewe mwenyewe uliishia la saba, utaziweza.

Hatua ya 1: Soma ripoti somo kwa somo

Divisheni ina tabia ya kuficha mambo. Kwa hesabu ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, A ni pointi 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4 na F ni 5, na zinajumlishwa za masomo saba tu aliyofanya vizuri zaidi. Pointi 7 hadi 17 ni Divisheni One, 18 hadi 21 ni Two, 22 hadi 25 ni Three. Kwa hiyo mtoto mwenye masomo tisa anaweza kupata F ya Hisabati na F ya Fizikia, zote mbili zikabaki nje ya hesabu, na nyumbani mkashangilia Divisheni Two.

Chukua daftari. Andika masomo yote kwa mstari, kisha weka alama za mitihani mitatu ya karibuni, kuanzia ile ya kufunga Form One. Usitazame alama ya mwisho peke yake, tazama inaelekea wapi. Kemia iliyotoka 58 ikaja 49 kisha 40 ina tatizo lililoanza juzi, na mara nyingi linatibika. Fizikia iliyotoka 27 ikaja 34 kisha 43 ni ya mtoto anayepambana. C inaanzia 45. Amebakiza alama mbili. Huyo ndiye anayeambiwa "Fizikia si ya kwako", wakati alistahili kushikwa mkono.

Hatua ya 2: Nenda shuleni siku isiyo ya kikao cha wazazi

Siku ya kikao mwalimu ana watu mia. Nenda siku ya kawaida, omba kuonana na mwalimu wa taaluma au wa unasihi. Muulize: Form Three masomo gani ni ya lazima, na yapi mtoto anaruhusiwa kuacha? Nani anaamua mchepuo, mtoto, shule au alama? Je, shule ina walimu wa Fizikia na Hisabati mwaka huu? Mitaala imekuwa ikibadilika kwa awamu tangu 2024, sasa kuna mkondo wa jumla na mkondo wa amali (wa ufundi na stadi za kazi), kwa hiyo usitegemee ulivyosoma wewe wala alivyosoma kaka yake.

Kumbuka pia kwamba asiyefaulu upimaji wa kitaifa wa Form Two anarudia darasa.

Hatua ya 3: Ongea na mtoto, lakini si mbele ya wajomba

Ukimuuliza mbele za watu anataka kuwa nani, atakujibu daktari au rubani, mradi mmalize. Ongea naye mkiwa wawili, mkitembea kwenda dukani au mkipika. Anza hivi: "Mwanangu, sijaja kukugombeza. Nieleze tu, kipindi gani ukiwa darasani muda unakwenda haraka? Na kipi unatamani kengele igonge?" Halafu nyamaza. Unyamaze kweli.

Utasikia mambo ambayo hayamo kwenye ripoti. Mmoja anaogopa kuchekwa akikosea ubaoni. Mwingine anaacha sayansi kwa kuwa anajua twisheni ina gharama na amemwona mama anavyohangaika na ada ya mdogo wake. Mtoto wa namna hiyo hana tatizo la akili, ana huruma, na ni wewe tu unayeweza kumtua mzigo huo.

Hatua ya 4: Anza na kazi, rudi nyuma mpaka kwenye somo

Andika kazi mbili au tatu anazozitaja, kisha fuata njia ya kila moja kwa kurudi nyuma.

Udaktari pale MUHAS, chuo kikuu cha afya kilichopo Upanga, unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za Form Six, yaani PCB. Herufi kama hizo ni tahasusi, yaani masomo matatu makuu ya Form Five na Six. Kwenda Form Five kunataka angalau C katika masomo yasiyopungua matatu. Diploma ya uuguzi au utabibu mtoto anaingia moja kwa moja kutoka Form Four, na ufaulu wa D unakubalika, lakini masomo ni yale yale matatu pamoja na jingine. Aliyeacha Fizikia amefunga njia zote mbili kwa siku moja.

Uhandisi unapitia PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), au Form Four kisha DIT, chuo cha teknolojia pale mjini, na Hisabati na Fizikia haziepukiki. Sheria inakwenda vizuri na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hivyo Kiingereza kisichezewe. Uhasibu ni ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu) au EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), na Hisabati inahesabika. Mwaka 2024 tahasusi mpya nyingi ziliongezwa, basi ulizeni orodha ya sasa.

Nakuomba usiitaje VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi, kama adhabu. Kijana anayefungua redio na kuirudisha ikalia anaweza kusomea umeme au ufundi magari VETA ya Chang'ombe, akajitegemea mapema.

Hatua ya 5: Mpeleke akaone

Kwenye maonesho ya Sabasaba, kuanzia 28 Juni hadi 13 Julai, vyuo vingi vinakuwa na mabanda pale Barabara ya Kilwa. Yako pia maonesho ya elimu ya juu ya TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, pale Mnazi Mmoja. Mwache mtoto aulize mwenyewe: "Mwenye D ya Fizikia mnampokea kozi gani?" Wewe simama pembeni.

Hatua ya 6: Nyoosha majina

Cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule na usajili wa mtihani viwe na majina yale yale, herufi kwa herufi. Bodi ya Mikopo, inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi. Kama hana cheti, anza kukifuatilia sasa.

Hatua ya 7: Andikeni karatasi moja

Kabla ya upimaji, kaeni mwandike masomo atakayoshikilia, somo moja la kuinua na nani atamsaidia, pamoja na njia mbadala. Nakala moja mpe mwalimu. Matokeo yakitoka Januari, ifungueni tena pamoja kabla shule haijagawa michepuo, na kama alama zimebadilika, badilisheni mlichoandika.