Ndugu katoka wodini Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili Dodoma, sasa mchana anakaa wapi?

Siku ya kuruhusiwa msiondoke na karatasi ya dawa tu. Kabla hujaita bajaji muulize daktari, nesi na yule afisa ustawi wa jamii, je mgonjwa wetu anaweza kuwa anakuja mchana? Huduma ya kutwa ni hivyo, asubuhi anaenda, anameza dawa nesi akiona, anakaa kwenye kikundi wanaongea, anafanya kazi za mikono, jioni anarudi kulala kwenu. Sio kila sehemu ipo, ikikosekana omba kliniki ndani ya wiki ya kwanza, maana hizo wiki za mwanzo ndio ugonjwa unarudi kirahisi na wengine wanajidhuru kabisa. Mnaotoka Mpwapwa au Kongwa ulizeni kama dawa atazipata hospitali ya wilaya, nauli isije ikamkatisha.

Sisi kaka yetu tulimpa chumba cha uani eti apumzike. Analala mpaka saa saba mchana, usiku anazunguka uani, na wiki ya tatu mama akafua mashuka akakuta vidonge chini ya godoro, kumbe haloperidol, dawa yake ya akili, ilikuwa inamkakamaza shingo na mikono inatetemeka, sisi tukamwita mvivu. Jamani hiyo ina dawa yake! Daktari anapunguza dozi au anabadilisha, na kuna sindano ya mwezi kwa aliyechoka vidonge. Muulizeni mgonjwa mwenyewe mwili unamfanyaje, msimkague tu kama mtoto.

Basi tukajitengenezea kutwa yetu nyumbani. Saa kumi na mbili anaamka, uji, dawa, halafu kazi ambayo mtu anaisubiri kweli, kwake ilikuwa kumwagilia mchicha na kupeta uwele na shangazi, sio kazi ya kumzuga, anajua. Mchana analala kidogo, jioni anatembea na mtu. Akienda kwenye mizabibu avae kofia na mikono mirefu na anywe maji sana, dawa kama chlorpromazine zinafanya ngozi iungue haraka na mwili ushindwe kujipoza, na jua la Dodoma mnalijua. Pombe na bangi hapana. Na watoto wakataze neno chizi, hata kwa utani.

Usingizi ndio uuangalie kuliko vyote, akikesha usiku mbili mfululizo msisubiri tarehe ya kadi, asubuhi hiyo hiyo mpelekeni.