Bosi anataka ushahidi wa kampeni ya kunawa mikono, uanzie wapi

Kabla hujagusa simu andika swali lako limenyooka: nani, unamfanyia nini, unataka kipungue nini. Mfano, je kuhamasisha watu wanawe mikono kunapunguza kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5? Ukiingia na "usafi" tu utazama huko hurudi.

Afu nenda tovuti ya Cochrane. Hawa wapo tangu 1993, kazi yao ni kukusanya tafiti zote za jambo moja, wanazichambua wanakupa jibu la jumla, na ule muhtasari wa lugha nyepesi unasomwa bure kabisa. Kwa kunawa mikono utakuta kuhara kunapungua kama kwa theluthi hivi, ila soma hadi chini maana ndo wanaposema ushahidi una nguvu kiasi gani na tafiti zilifanyika wapi, watu wengi wanaruka hapo wakati mi naona ndo penyewe.

Pita pia tovuti ya Health Evidence ya chuo cha McMaster kule Kanada, wao wanapima ubora wa mapitio ya afya ya jamii, yaani mikusanyo ya tafiti kama hiyo ya Cochrane, wanakwambia hili imara, hili la kati, hili dhaifu. Inaokoa muda sana.

Makala ikidai hela usitoe kwanza, uliza maktaba ya chuo au hospitali yenu kama wamejiunga na Hinari ya WHO, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za afya bure au kwa bei nafuu, usajili ni wa taasisi sio wa mtu.

Mwisho linganisha na data za kituo chenu, maji yenyewe yapo?