Somo: Kufuatilia kiota msimu mzima, kitabu cha kale kikiwa pembeni

Somo hili linataka subira kuliko darubini. Tafuta daftari, penseli na kitabu kimoja cha zamani kinachozungumzia ndege. Kitabu usikifungue kwanza.

Hatua ya 1. Chagua kiota kimoja tu. Mbayuwayu na kwera wanamfaa anayeanza kwa sababu hawajifichi sana. Usipekue matawi, keti mahali pamoja umtazame ndege aliyebeba jani au tope mdomoni, naye atakupeleka mwenyewe. Akizungukazunguka na chakula mdomoni bila kuingia kiotani, anayemzuia ni wewe. Rudi nyuma.

Hatua ya 2. Andika saa, nani kaingia, kabeba nini, kakaa muda gani. Usiandike "mama analisha" wakati hujui jike ni yupi; kwa mbayuwayu, baba naye hulisha. Kwa kwera, msukaji ni dume. Jike huja kukagua, na kiota kikikosa mteja mpaka majani yakauke, mara nyingi dume hukifumua mwenyewe na kuanza upya.

Hatua ya 3. Kuatamia kunachosha mtazamaji: kwa mbayuwayu ni kama wiki mbili ambazo huoni kitu zaidi ya mkia. Vumilia. Makinda wakishaanguliwa, tazama kinachotokea baada ya kulishwa. Mzazi haondoki upesi, husubiri ukingoni. Kinda hugeuka, huinua makalio, na kinyesi hutoka kikiwa ndani ya kifuko cheupe cha utando. Mzazi hukidaka kwa mdomo na kuruka nacho, pengine hukimeza palepale. Ukiliona hili mara moja, hutauliza tena kwa nini kiota kilichojaa watoto hakinuki.

Hatua ya 4. Sasa fungua kitabu. Kila sentensi iwekee alama daftarini: mwandishi *ameona* au *ameambiwa*? Hapo ndipo utamu wote ulipo. Chukua Gilbert White, kasisi wa kijiji cha Selborne, Uingereza, ambaye kitabu chake cha barua kilitoka mwaka 1789. Aliketi akasikiliza, akatenganisha kwa sauti zao ndege watatu wadogo wanaofanana mno. Lakini kuhusu mbayuwayu wanakokwenda wakati wa baridi, alibaki na wazo la zamani kwamba huenda baadhi yao hujificha mahali wakalala. Hakuwahi kuwakuta wamelala. Mwaka 1822 korongo alipigwa risasi Ujerumani akiwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni, na ubishi wa safari za ndege ukapata ushahidi wa kushikika.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, nimemkuta kinda chini, ana manyoya, anarukaruka. Nimchukue?
Jibu: Mwache. Huyo anajifunza kuruka na wazazi wako karibu. Paka ndiye wa kufungiwa. Kama hana manyoya na kiota unakifikia, mrudishe. Wazazi hawatamkataa kwa sababu ya harufu ya mkono wako.

Swali: Nimesoma mahali kwamba kekeo hugeuka kuwa mwewe. Watu wa kale waliamini kweli?
Jibu: Wengine, ndiyo. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliuandika uvumi huo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, kisha akaupinga: kekeo hana makucha ya mwewe, na tena kuna kekeo aliyeonekana akiliwa na mwewe. Alijua pia kwamba kekeo hutaga katika viota vya wenzake. Ila Aristotle huyohuyo alisema mbayuwayu hujificha mashimoni wakiwa wamenyonyoka manyoya, kwa hiyo alama zako zitakuwa mchanganyiko.

Swali: Naweza kumulika kwa tochi usiku nihesabu mayai?
Jibu: Hapana. Jike akikurupuka gizani, mayai yatapoa.

Swali: Ndugu mwalimu, nyoka amepanda kwenye kiota changu. Nimfukuze?
Jibu: Si kiota chako. Andika saa, andika wazazi wamefanya nini, na siku zinazofuata tazama wanakobeba majani. Msimu ukiwa bado mbichi, ndege wengi hujenga tena.